Oili Iliyopimwa Bigwa

Marahaba. Najua hamjaniamkia, maana mikono yenu ina grisi na macho yenu yako kwenye simu, lakini mimi naitikia mapema ili tusicheleweshane. Shikamoo zenu zitanikuta.

Mmeniomba niwaeleze habari ya gari la oto, la kujibadilishia gia lenyewe, la zamani, linaloteleza gia. Nitawaeleza. Nimefanya kazi hiyo hapa Bigwa, chini ya mlima, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka goti lilipokataa kuingia uvunguni mwa gari. Lakini siwezi kusema habari ya gia kuteleza bila kumtaja Ezekieli, na siwezi kumtaja Ezekieli bila roho kuniuma. Nilimwonea wivu miaka yote ya kazi yangu. Si ule wivu wa maendeleo wanaousifia kwenye semina. Wivu wenyewe, ile roho ya kwa nini, ya kumwona mwenzako ameshiba ukahisi njaa na wewe umetoka kula.

Hata ninyi nawaonea wivu, nisiwafiche. Mnachomeka kidubwasha chini ya usukani, kinawasomea ugonjwa, mnamtajia mteja bei mkiwa na mashati meupe. Sisi tulisoma kwa pua. Mwalimu wetu, Mzee Fungo, alikuwa anachota oili ya gia boksi kwa kidole, anaisugua, anainusa, halafu anatupitishia kidole chake puani mmoja mmoja, mimi na Ezekieli, kama mtu anayegawa ubani. Oili nzima ni nyekundu kama juisi ya rosela. Ikianza kuwa ya rangi ya chai, jiulize. Ikiwa nyeusi na inanuka ukoko wa ugali ulioungua, basi kluchi za ndani zimeshaanza kulika, na huyo mteja mkalishe chini kwanza kabla hujamwambia kitu.

Kuteleza kwenyewe hakufichiki. Mtu anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halina habari. Ni kama yule rafiki anayekwambia kwenye simu naja, nimeshafika, na wewe unasikia bado anaoga. Fundi mbaya akisikia hivyo anakimbilia kushusha gia boksi. Usishushe. Anza na oili, kisha uje kwenye waya, na kushusha kuwe mwisho wa yote.

Huo waya ndio ulioniletea Ezekieli moyoni. Yeye alitoka Njombe, alikuja mjini kutafuta kazi ya kiwanda, akaangukia kwa Mzee Fungo. Siku moja likaja gari linateleza likibeba watu, likiwa tupu linakwenda vizuri. Mzee akatuuliza sisi wawili. Mimi nikawahi, nikasema kluchi zimekwisha, na nikasema kwa sauti ili mteja asikie. Ezekieli aliingia ndani ya gari, akakanyaga mafuta taratibu, akasikiliza, akatoka akafungua boneti akashika ule waya unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye gia boksi. Magari ya zamani yana waya huo, ndio unaoiambia gia boksi dereva anataka nguvu kiasi gani. Ukilegea, gia boksi inadhani mnatembea harusini, presha ya oili inakuwa ndogo, mzigo ukizidi kluchi zinateleza. Ezekieli akaukaza waya. Gari likaenda.

"Huyu ana sikio," Mzee Fungo akasema. Kisha akanigeukia mimi akanituma chai.

Niliileta chai, lakini sukari sikutia. Tangu siku hiyo lile neno "sikio" lilikaa ndani yangu. Mzee alinipenda, msidhani hakunipenda. Alinioza binti yake, Mwajuma, mnayemjua ninyi kama Mama Rehema. Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: Ezekieli alipewa sifa, mimi nikapewa mke. Mwenye akili angeona amepata kubwa. Mimi nilikuwa na mke mzuri nyumbani na bado naitamani ile sifa.

Mzee alipoacha kazi kila mmoja akafungua gereji yake. Mimi mjomba wangu alinikatia uwanja huu hapa, kwa sababu kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na wajomba walinipenda. Uwanja mzuri, barabara juu yake, magari yanashuka yenyewe mpaka kwenye shimo la kazi, pua chini, hata lisilowaka unalisukuma kwa mkono mmoja. Ezekieli hakuwa na mjomba hapa. Alipanga kiwanja Kihonda, kule kwenye udongo mweusi, tambarare tupu, masika unavua kiatu unakiacha. Nilikuwa nawaambia watu, "Yule anatengeneza magari pamoja na vyura." Watu walicheka. Kisha wakapeleka magari yao kwa vyura.

Hapo ndipo wivu ulipotaka kunitoa roho. Gari la oto linakuja kwangu linateleza. Natengeneza, najaribu mpaka Msamvu na kurudi, safi. Baada ya muda naliona linapita, halisimami, dereva anatazama mbele kama hanijui. Naulizia, naambiwa lilirudia kuteleza likapelekwa kwa Zeke. Mengine yalikuwa ya ndugu zangu kabisa. Nilikuwa napanda baiskeli naenda Kihonda, eti natafuta bolti, ili tu nichungulie yaliyomo uwanjani mwake. Nikirudi chakula hakishuki. Nilisema anatumia dawa. Nilisema ana mtu dukani anayempa oili ya ndege. Nilisema mengi, na Mwajuma akisikia alikuwa ananiambia, "Baba Rehema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kamuulize anafanyaje."

Nikamuulize Ezekieli? Bora ningekula grisi.

Sasa, Mwajuma alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alikuwa anazifuata Mkuyuni siku za soko, anazileta mjini kwa steshenwagoni kuukuu la oto nililomnunulia mimi. Biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu, maana gereji ilikuwa inasomesha vyura. Gari hilo nalo likaanza kuteleza. Mjini halina neno. Likipakiwa mikungu likaanza kupanda kile kilima cha kutoka Mkuyuni, injini inalia, gari linasimama.

Nililishughulikia kama mtu anayemuuguza mama yake. Niliongeza oili. Nilikaza waya. Nilishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, nikabadilisha filta. Nikaishusha na gia boksi yenyewe, nikaweka kluchi mpya, nikafunga, nikapima oili kama tulivyofundishwa: tembeza gari kwanza lipate moto, liegeshe, injini ikiendelea kuwaka, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila mahali, tulia kidogo kila mahali, rudi kwenye P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Shikeni hilo. Anayepima oili ya oto injini ikiwa imezimwa, kama anavyopima oili ya injini, anapima ndoto yake. Kijiti kilisoma imejaa. Nikampa funguo nikamwambia, "Nenda. Hata ukipakia na mlima wenyewe litapanda."

Alirudi jioni juu ya bodaboda, kitenge kimejaa vumbi.

"Gari liko wapi?" nikauliza.

"Liko kilimani. Palepale. Mikungu mingine nimeiuza njiani kwa bei ya kutupa, mingine imeiva juani. Watu walikuwa wanapita wananipa pole, wananiuliza, mume wako si ndiye fundi wa gia boksi?"

"Umelibebesha mno."

"Ndizi ni zilezile, Baba Rehema. Nimechoka. Likivutwa, halitaingia hapa. Nalipeleka kwa kaka Zeke."

Alimwita kaka kwa sababu Ezekieli alilelewa kikazi nyumbani kwao. Nalijua hilo. Lakini siku hiyo lile neno lilinichoma. Nikamwambia, na sauti yangu niliisikia mwenyewe ilivyokuwa mbaya, "Ukilipeleka kule, usirudi nalo hapa."

"Nitarudi nalo," akasema, akaenda kuoga.

Kesho yake nikapanda baiskeli kutafuta bolti. Nikaliona gari langu katikati ya uwanja wa Ezekieli, boneti wazi, na mke wangu amekaa kwenye benchi lake anakunywa chai kwenye kikombe chake, wanaongea, na Mwajuma anacheka. Mwajuma kwenye gereji yangu hakuwa anacheka, alikuwa anaulizia hela ya mboga. Nilisimama nyuma ya gari la mchanga kama mwizi. Sikuwahi kumfikiria mke wangu kwa ubaya, wala siku hiyo sikufikiria. Niliona tu kwamba yule mtu ana sikio, ana wateja, na sasa ana kicheko cha nyumbani kwangu. Nikaondoka.

Alirudi nalo kama alivyosema. Akaliegesha hapa uwanjani, akaingia ndani kupika. Sikumuuliza kitu. Nililizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikaliwasha, nikapima oili, na moyo ukaruka kwa furaha: kijiti kilisoma imezidi, tena imezidi sana. Nikajisemea, sikio gani hilo, mtu hajui hata kipimo. Na kuzidisha nako ni ugonjwa, vijana, kwa sababu oili ikizidi vyuma vya ndani vinaipiga inatoa povu, na povu halisukumi kitu. Nikachukua mpira wa kunyonyea na kopo ili niipunguze. Mwajuma akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Usiguse."

"Amezidisha."

"Usiguse, nimesema."

Nikaliacha. Nikasubiri liteleze. Nawaambia kweli, nilikaa hapa siku za soko nikisubiri gari la mke wangu likwame kilimani, ili Ezekieli aaibike. Mtu amekaa anamwombea mkewe njaa kwa sababu ya kijicho, huyo ndiye anayewafundisha leo. Halikukwama. Lilipanda na kushuka mwaka baada ya mwaka, watoto wakamaliza shule. Oili ikihitaji kubadilishwa analipeleka Kihonda, anarudi, anaegesha, mimi naangalia pembeni. Katika nyumba yetu tuliongea kila kitu isipokuwa gia boksi ya gari lile.

Basi. Masika haya yalipokatika, mimi nimeshaacha kazi, nimekaa kibarazani, bajaji ikasimama barabarani. Akashuka mzee ana mkongojo. Ezekieli. Hajawahi kukanyaga hapa nikiwapo, hata siku moja. Mwajuma akatoka mbio akampokea, akaleta magimbi na chai. Mimi nikasema karibu, kwa mdomo.

"Nimekuja kuaga, Mkude," akasema. "Gereji nimefunga. Watoto wananiita Njombe, miguu haina kazi tena."

Nilitakiwa kusikitika. Nilichohisi kwanza ni kwamba amenizidi hata kwa kuagwa, maana mimi nilipoacha kazi sikuwa na mtu wa kumwendea. Akanywa chai, akatazama uwanja huu, akatikisa kichwa.

"Na kweli hukupasawazisha. Nilidhani utaleta hata kifusi."

"Nisawazishe nini? Pako tambarare."

Kisha akamgeukia Mwajuma. "Dada, niletee beseni la maji."

Mwajuma hakuuliza la nini. Alilileta. Ezekieli akaliweka pale pale magari yalipokuwa yanakaa, akalijaza. Upande wa chini maji yakawa yanalamba ukingo yanataka kumwagika. Upande wa barabarani ukingo ulikuwa mkavu, kidole kizima kinaingia.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi, na ninyi mkitulia hamhitaji. Gari pua chini, oili yote inakimbilia mbele, kwenye kijiti. Kijiti kinasema imejaa, na haijajaa. Ukitembea mjini inatosha. Ukifika kilimani pua inatazama juu, ile oili kidogo inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, gari linateleza. Na oili ya Ezekieli, ambayo niliiona imezidi, ilikuwa sawa kabisa. Mzee Fungo hakutuambia kupimia tambarare kwa sababu uwanja wake ulikuwa tambarare, na mtu hafundishi asichokiona. Mimi nimezaliwa mlimani. Sisi huku, mahali pasipotuangusha tunapaita tambarare.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Zamani. Kila gari lililotoka kwako lilikuwa na upungufu wa aina moja. Nikasema huyu si mjinga, tumefundishwa pamoja. Siku moja ulikuwa msibani Matombo, nikaja nikasimama hapo barabarani nikatazama. Nikaona."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza," akasema, wala hakuinamisha macho. "Wewe ulikuwa na wajomba. Ulikuwa na ardhi. Mimi nalipa pango la matope. Mzee alinipa sifa, Mkude, wewe akakupa binti. Sifa haikupikii, wala huwezi kulala nayo. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nikikuona na baiskeli yako pale nyuma ya magari ya mchanga naona umekuja kunicheka."

Vijana, sijui niwaelezeje. Nilipaswa kukasirika. Lakini kitu cha kwanza nilichosikia ni utamu, utamu kabisa, hapa kifuani. Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu ninayeungua, kumbe mwenzangu naye anaungua upande wa pili wa mji. Nikatamani arudie.

"Lakini dada alipoleta gari," akaendelea, "sikuweza. Mtoto wa Mzee Fungo akwame kilimani na mimi najua? Nikamwambia yote. Nikamwambia akueleze."

Nikamtazama Mwajuma. Alikuwa anamenya gimbi, ametulia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama Rehema. Magari yangapi yamerudi. Watu wangapi wamenicheka. Ukanyamaza?"

Aliweka kisu chini. "Siku ile niliingia hapa na lile gari limepona. Nikapika, nikakuandalia, nikakaa mbele yako nikisubiri uniulize, kaka Zeke amefanya nini. Uliuliza kuhusu chumvi. Kesho yake nikasubiri. Nimesubiri mpaka meno yameanza kung'oka. Mume wangu, ungeuliza ningekujibu."

Ezekieli akajifanya anatafuta mkongojo wake. Mimi nilitazama lile beseni. Maji yalikuwa yameshaanza kuchuruzika upande wa chini.

Aliondoka alasiri. Tulimsindikiza mpaka kwenye bajaji, na nilimshika mkono vizuri, mkono wa fundi, wenye kovu la sampo kama langu. Hatukuombana radhi. Watu wa umri wetu wakianza hayo hawamalizi. Alipokwenda, Mwajuma akaingia ndani akatoka na funguo za lile steshenwagoni, akanitupia mapajani.

"Kihonda hakuna mtu tena," akasema. "Oili imefika wakati wa kubadilishwa. Lakini upimie barabarani, pale kwenye lami palipolala. Si hapa."

Nikaibadilisha mimi, goti likilia. Nikalitembeza, nikaliegesha kwenye lami, nikaweka na beseni la maji pembeni, wapita njia wakidhani mzee amerukwa na akili. Nikapima injini ikiwaka. Siku ya soko nikaendesha mwenyewe mpaka Mkuyuni, tukapakia mikungu mpaka nyuma ikalala, Mwajuma akakaa kando yangu ameshika mkoba wake. Tukafika kwenye kile kilima. Nikakanyaga. Lile gari lilipanda kama limeitwa na mwenyewe, gia inashika, injini haipigi kelele, na mke wangu, juu kabisa pale ambapo ndizi zake ziliiva juani siku ile, akacheka. Kile kicheko cha kwenye benchi la Kihonda.

Nilisimamisha gari pembeni nikatazama nyuma barabarani, nikitamani bajaji itokee imembeba Ezekieli. Nilitaka aone. Nilitaka asikie ile gia inavyoshika kwa lile sikio lake, amwone Mwajuma anacheka kwenye gari nililolitengeneza mimi, na roho imuume kidogo tu kabla hajafika Njombe.